Wimbo wa Mwisho Kwenye Flashi

Mwangaluka, Luhende mwanangu.

Nakusalimia ya asubuhi ingawa naandika jioni, kwa sababu najua utaisoma hii umekalia begi lako, kikombe cha chai mkononi, basi likiwa bado halijafika Maganzo. Ningeweza kukuambia kwa mdomo. Lakini wewe una tabia ya kunikatiza, nami nikikatizwa nasahau nilipokuwa, naanza kucheka, na mambo muhimu yanaishia hapo hapo. Karatasi haikatizwi.

Habari za kufua soksi na kulinda simu stendi sitazigusa. Shangazi zako wamekupa hizo tangu juzi mpaka ukakimbilia kwa fundi Hamisi kujificha. Mimi nataka tuzungumze lile neno ulilolisema leo tukila. Ulishusha tonge, ukaangalia chini, ukasema, "Mama, naona niwapigie wale watu wa Dar niwaambie siji. Koo lako liko hivyo, nani atatangaza?" Nikakujibu, "Kula, ugali unapoa." Ukadhani nimekubali. Thubutu!

Utapanda basi, mwanangu. Watu wazima wenye ofisi yao ya matangazo wamekaa kitako, wamesikiliza sauti ya kijana wa Maganzo, wamesema huyu ndiye tunayemtaka atutungie nyimbo za matangazo. Halafu wewe uwajibu kwamba mama amekaukiwa koo? Watanionaje mimi huko? Nimetangaza mji huu kwa spika miaka yote, sitaki habari ya kwanza ya kwangu kufika Dar iwe hiyo.

Tena nakujua. Koo langu ni sababu ya kweli, ila siyo sababu yenyewe. Sababu yenyewe niliiona siku walipokupigia simu. Ulifurahi, ukaruka, ukagonga kichwa kwenye fremu ya mlango, kisha ukakaa kitandani ukiwa umenywea, ukaniuliza, "Mama, wakigundua kwamba mimi najua kurudia tu nyimbo za watu?" Nilikuwa napepeta mchele. Sikukujibu, nikajifanya upepo umekuwa mwingi. Jibu langu ndilo hili, limechelewa na ni refu.

Kwanza nikuambie jambo ambalo sijawahi kulisema waziwazi. Mimi nazipenda kava kuliko nyimbo zenyewe. Ndiyo, mama yako mtu mzima. Tangu uliponifundisha kutafuta mwenyewe kwenye simu, bando langu lote linaishia huko. Wenzangu wa kikundi wanafuatilia tamthilia, wanagombana kuhusu nani kamwacha nani. Mimi nakaa pale jikoni naangalia watu nisiowajua, wamekaa kwenye vyumba vyao, wanaimba nyimbo za watu wengine. Kuna yule binti ambaye kila siku kitanda chake hakijatandikwa, anaimba macho yamefumbwa, na paka anapita nyuma yake. Kuna yule mzee wa nchi za mbali aliyejifunza wimbo wetu wa hapa nyumbani. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, lakini akifika mahali pa kulia, analia pale pale panapostahili. Kuna wale watoto wenye ndoo na madumu ya mafuta, walichukua wimbo wa klabu wakaugeuza taarabu, nikacheka mpaka maharage yakaungua. Ulikula maharage yale ukasema yana ladha ya moshi. Sasa umejua.

Na kwa kuangalia sana nimekuwa mtaalamu. Kava mbovu, ukifumba macho unamwona mwenye wimbo. Unamwona kabisa, na miwani yake, unajiuliza kwa nini usimsikilize yeye mwenyewe. Kava nzuri, unamsahau mwenye wimbo mpaka mwisho, ndipo unashtuka, ala, kumbe huu ni ule wimbo wa fulani! Mwenye wimbo alijenga nyumba akaihama, na kuna chumba hakuwahi kukifungua. Anayerudia vizuri ndiye anayekifungua.

Sasa hapo ndipo pa kujichapa mwenyewe. Unakumbuka kava yako ya kwanza? Ulikuwa sekondari, umekalia gunia la mahindi, simu yangu umeiegemeza kwenye sufuria. Ulipomaliza ukanionyesha. Nilipiga kelele nikasema, "Umefanana naye kabisa!" Nikachukua simu nikazunguka nayo sokoni kwa wauza dagaa, kwa wauza mitumba, kwa mabroka wa almasi waliokaa kwenye pikipiki zao wakisubiri mawe. "Sikiliza, si yeye huyu?" Wakasema ni yeye mtupu. Nilijisikia kama nimepata almasi mwenyewe.

Tangu siku ile, mwanangu, ukawa unamfukuzia huyo mwenye wimbo. Ulisikiliza anapopumulia, ukapumulia pale pale. Alipokohoa, ukakohoa. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wewe hukutia maji. Wewe uliacha kugema, ukawa unachota kwenye mtungi wa mwenzako. Na aliyekusifu ni mimi. Nilitaka kukutia moyo, nikaishia kukupa kipimo kibovu, na umekitembeza kipimo hicho mpaka leo. Naumia nikikumbuka.

Kwa sababu kilichonigusa siku ile hakikuwa kufanana. Ni ule ubeti wa pili. Maneno yalikupotea, ukaziba pengo kwa ile sauti ya kuita ng'ombe, sauti uliyojifunza Samuye kwa babu yako wakati wa likizo. Oooh-hoo, ukaiburuza, ukarudi kwenye wimbo. Wewe ulitaka kuifuta video kwa sababu ya kosa hilo. Watu walikuwa wanairudisha nyuma pale pale. Mimi mwenyewe niliirudisha sana. Lakini mdomoni nikasema "umefanana." Mtu anayeishi kwa mdomo wake, na siku ya maana mdomo ukanikosea.

Tuje kwenye matangazo, maana nisipoyagusa hayo nitalala vibaya.

Kuna methali moja nikikutana nayo njiani peke yetu tutapigana. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wateja wangapi wamenitupia hiyo wakitaka nipunguze bei! Aliyeitunga bila shaka alikuwa na duka barabarani. Kizuri kilicho nyuma ya soko, kwenye uchochoro wa fundi Hamisi, nani atakijua? Yule mzee ametoka Kigoma kijana, amekaa pale anaziba mabuti ya wachimbaji mpaka nywele zimekuwa nyeupe, na kiraka chake hakivuji hata ukisimama kwenye maji siku nzima. Nani alijua? Mkewe na mimi.

Halafu wewe ukachukua ule wimbo wa mapenzi uliokuwa unapigwa kila saluni, ukaweka buti moja juu ya kigoda, buti bovu, peke yake, ukaliimbia. Mwenzake yuko kwa fundi. Buti linalia, rudi mpenzi, mguu wa kushoto hauna maana bila wewe. Kisha mkono wa fundi Hamisi unaingia, unaweka buti lililozibwa pembeni yake, na yote mawili yanakaa kimya yakiangalia mlango. Basi. Hukutaja bei, hukusema "wahi sasa". Luhende, nilikaa chini kwenye vumbi nikacheka mpaka mbavu zikauma, kisha nikaona machozi yananitoka, nikashangaa, nalilia buti? Wachimbaji wakaanza kuja na mabuti kutoka Mwakitolyo. Wakaja wa Geita. Kijana mmoja alikuja na buti moja tu mkononi, zima kabisa, akasema amekuja kumsalimia yule mwimbaji. Fundi Hamisi anakuombea dua mpaka leo.

Ninachokipenda zaidi kwenye tangazo lile ni kwamba mtu akifika kwa fundi anakuta kile alichoitiwa. Hilo nalijua kwa aibu niliyoipata, na wewe ulikuwepo, ulikuwa mgongoni kwangu.

Baba yako alikuwa amefariki, ameniachia wewe, guta lake la magurudumu matatu na ile spika ya kutangazia. Nilikuwa mgeni kwenye kazi. Unajua huku kwetu spika ni moja kwa mambo yote. Asubuhi inatangaza maziko, mchana inatangaza unga. Mfanyabiashara mmoja akaniita nikamtangazie sembe kwa wachimbaji wa Mwakitolyo. Nikafika, nikaanza, hakuna anayesikia. Makarasha yanasaga mawe, jenereta zinanguruma, watu wanapiga kelele kutoka chini ya maduara, yale mashimo yao. Nikaimba wimbo wa arusi, hakuna. Nikaimba wa mpira, hakuna.

Nikawaza, ni wimbo gani ambao mtu wa hapa hawezi kuupuuza? Nikaupata. Ule ambao kwaya yetu huimba jeneza likiingizwa kaburini. Nikasema nitauanza polepole, watege masikio, kisha niugeuze uwe wa sembe. Nilijiona nina akili sana, mwanangu. Hakuna aliyewahi kuurudia wimbo ule hivyo.

Nikaimba. Na niliimba vizuri, hilo hata Mungu anajua. Karasha la kwanza likazimwa. Likazimwa la pili. Jenereta zikanyamaza. Nikafurahi, nikaongeza sauti.

Hukuwa unajua, ulikuwa mtoto, kwamba wachimbaji hawaendelei na kazi mwenzao akifa shimoni. Kila mtu anapanda juu, eneo lote linanyamaza mpaka maiti izikwe. Mimi nilijua. Nilijua, na bado sikufikiri. Wanaume wakaanza kuvutwa kwa kamba wakitoka kwenye maduara, wameloa tope, wanahesabiana kwa macho. Mama mmoja muuza uji akaja mbio na upawa bado uko mkononi, uji unadondoka. Mumewe alikuwa chini. Akanishika kanga kifuani, akasema, "Ni nani? Duara lipi? Mama, taja jina!"

Na mimi, maiki imewashwa, watu wote wananitazama, nikasema, "Ni sembe."

Hawakunipiga kwa sababu nilikuwa na mtoto mgongoni. Mume wa yule mama akatokeza, mzima, anapangusa uso. Mama akamwona akakaa chini pale pale kwenye mawe. Kisha akanyanyua uso akaniambia, wala hakupiga kelele, "Siku nyingine ukiniita kwa sauti ile, uwe na jambo."

Mwanangu, sijawahi kupata wasikilizaji wengi kama wale. Kila sikio la Mwakitolyo lilikuwa langu, na sikuwa na cha kulipa. Wiki iliyofuata nilirudi bila spika, kwa miguu kutoka barabarani, nikanywa uji wa mama yule nikamwomba radhi. Alinikaripia tena, akaniongezea sukari. Nimetangaza mambo mengi tangu siku hiyo, ya kuchekesha na ya kuliza, lakini kabla sijawasha maiki huwa namsikia. Uwe na jambo. Huko unakokwenda watakufundisha namna ya kuvuta masikio kwa vyombo ambavyo mimi sivijui hata majina. Jambo utalibeba mwenyewe.

Na hapo ndipo namkumbuka babu yako, maana usidhani kava ulizianzisha wewe na hao wenye vitanda visivyotandikwa.

Baba yangu alikuwa ningi, mtunzi na kiongozi wa nyimbo za kundi lake, na alikuwa na majivuno, ohoo! Akipita Samuye kofia imeinamishwa hata mbwa walimpisha. Baada ya mavuno makundi mawili yanaingia kiwanja kimoja, yanapiga ngoma kwa wakati mmoja, kila moja upande wake. Hakuna mwamuzi. Watazamaji wanakwenda wanakopenda, na upande wenye umati ndio umeshinda. Kwa hiyo ukiwa ningi, unaona kwa macho yako watu wakikuhama huku unaimba. Wewe unalia kwa sababu mtu mmoja ameacha kukufuata mtandaoni! Babu yako alikuwa anawaona migongo.

Mwaka mmoja alizidiwa. Umati wote ukahamia kwa mpinzani, kwake wakabaki watoto na bibi mmoja mlemavu wa miguu. Akafanya nini? Akaukamata wimbo wa yule yule mpinzani, hapo hapo, akauimba kwa mwendo wa haraka, akaweka maneno yake, akamtania mwenye wimbo na ng'ombe wake waliokonda. Uwanja ukageuka! Watu walikimbia kuja kwake, vigelegele, vumbi mpaka mbinguni. Ilikuwa kava bora ambayo mkoa huu umewahi kuisikia, na hapakuwa na simu.

Lakini kesho yake umati ukaja mapema, ukataka "ule wa jana". Babu yako alikuwa na wimbo wake mwenyewe. Alikuwa ameutunga msimu mzima akipalilia pamba, mama yangu alimsikia akiunung'unika kwenye matuta. Akasimama nao mdomoni, akawatazama watu, akaogopa. Akarudia ule wa kuazima. Mpinzani wake alikuwa amekuja na mpya. Nilikuwa msichana mdogo nimesimama upande wa baba, nikaona watu wanaondoka, mmoja mmoja, bila ubaya, kama watu waliomaliza kula. Baba aliimba mpaka mwisho akitazama juu.

Wimbo wa palizi hakuwahi kuuimba mbele za watu. Nilimsikia akiuimba vipande vipande akifungua zizi, nikikaribia ananyamaza. Amekwenda nao. Mimi, binti yake, najua mistari miwili tu, na kwa kila kava niliyoisikia duniani hakuna atakayeweza kurudia ule, kwa sababu haukuimbwa mara ya kwanza. Hilo linaniuma kuliko kifo chake, nakuambia kweli. Kifo tulikitegemea.

Sasa turudi kwenye koo langu, kisingizio chako.

Daktari alisema nina vinundu kooni, nipumzike kupaza sauti. Nililia, ulinifariji, wabeja sana, asante mwanangu. Wewe ukaanza kunirekodia matangazo kwenye flashi, nami nikawa naendesha guta na kunyamaza kama mtu anayesindikiza mkwe. Lakini kuna siku ulikuwa Shinyanga mjini kwenye usaili, na muuza magodoro akaja na haraka zake, anataka tangazo mchana ule ule. Sauti yangu ilikuwa imebaki ya kunong'ona. Nikasema liwalo na liwe. Nikawasha spika katikati ya soko nikanong'ona, "Shhh. Jamani. Msimwamshe baba watoto. Ndiyo kwanza amelala. Amelalia godoro jipya."

Soko likapunguza kelele lenyewe! Watu walisogea karibu wasikie nasema nini. Mmoja akamkanya muuza samaki, "Nyamaza wewe, utamwamsha." Nikaendelea kunong'ona, nasimulia anavyokoroma, anavyogeuka bila kugonga ubao. Muuza magodoro alibaki mdomo wazi. Miaka yote nilikuwa napaza nikidhani ndiyo kazi, kumbe mtu anaweza kuitwa hata kwa kunong'onezwa. Tangu siku hiyo wanakuja wanataka "lile la kunong'ona", na daktari naye hana kesi na mimi. Kwa hiyo koo langu usilitolee machozi. Limebadili wimbo tu. Spika nitaibeba mwenyewe.

Sikukuambia mambo ya siku ile kwa sababu yana mkia, na mkia wenyewe unakuhusu.

Nilipomaliza kunong'ona niliweka flashi yako icheze yale matangazo mengine, nikaenda kunywa maji. La simenti likapita, la dawa ya kuoshea mifugo likapita. Kisha ukaja wimbo. Sikuujua. Gitaa dogo, halafu sauti yako, siyo ile ya kufanana. Sauti yako. "Nakusikia kabla sijakuona." Mtoto amekaa mlangoni jioni, hajui mama yuko wapi, kisha kwa mbali anasikia spika, anajua mama amefika soko la juu, sasa yuko stendi, sasa yuko kwa wauza mkaa, sasa chungu kinaweza kuinjikwa. Na katikati ya wimbo, pale ulipokosa maneno au uliyaacha kwa makusudi, oooh-hoo, ile ya ng'ombe wa Samuye.

Nilitakiwa kuzima, najua. Uliuficha mwisho wa flashi, nyuma ya matangazo, mahali ambapo hukutegemea nifike. Mguu ulitaka kwenda, nikaukataza. Kwa sababu watu walikuwa wanageuka, Luhende. Mimi ni binti wa ningi, naujua umati unaohama. Waliacha mafungu ya nyanya wakaja upande wa guta. Yule broka mkubwa wa almasi, yule asiyesalimia mtu, alishusha simu kutoka sikioni na mtu wa upande wa pili bado anaongea, nilimsikia akisema haloo, haloo. Ulipoisha akaniuliza, "Mama Luhende, huyu ni nani? Ana mwingine?"

Hakuna hata mmoja aliyesema umefanana na fulani. Nilisubiri. Hakuna.

Nilijibu kwamba ni majaribio ya spika. Nikazima nikaondoka, maana nisingeweza kusema neno lingine nisilie hadharani, na mtangazaji akilia sokoni watu watauliza nani kafa. Nimekaa na jambo hili mpaka leo nikisubiri uuweke mwenyewe mtandaoni. Hukuuweka. Umeweka kava ya huyu, kava ya yule, nzuri zote, na nimezipenda zote, usiache kuzifanya. Lakini ukiniuliza watagundua nini huko Dar, mimi nakujibu kwamba hao watu hawakukuita kwa kufanana kwako. Buti lile ulilifungulia chumba ambacho mwenye wimbo hakukijua. Na nyuma ya chumba hicho una nyumba yako, unaipita kila siku ukinyata kama mwizi. Babu yako alinyata hivyo hivyo mbele ya umati wake, na sitaki kukuzika wewe, au wewe unizike mimi, tukiwa tunajua mistari miwili.

Basi imetosha, chai yako imepoa.

Asubuhi hii usinitafute mlangoni pa basi. Shangazi zako watakukumbatia kwa niaba yangu, wana mikono mingi. Mimi nimeshatangulia. Wewe keti upande wa kushoto, ufungue kioo. Mwisho wa Maganzo, kwenye yale matuta ambapo kila dereva analazimika kupunguza mwendo, utaona guta, na spika imeelekezwa barabarani. Nitakuwa nauimba wimbo wako. Nimeufanyia mazoezi jikoni wewe ukiwa kwa fundi Hamisi. Siwezi kufika zile noti za juu, kwa hiyo nimezinong'ona, na mahali pa ng'ombe nimeweka ile mistari miwili ya babu yako, imekaa vizuri mpaka nikaogopa. Ni kava yangu ya kwanza. Ole wako useme nimefanana na wewe.

Watu wa Maganzo wakiniuliza wimbo ni wa nani, safari hii nitataja jina.

Usiteremke. Usimwombe dereva asimame. Umeandika kwamba ulikuwa unanisikia kabla hujaniona. Leo nisikilize mpaka usinione, na nikiisha kupotea, endelea wewe pale nilipoachia.

Mimi mama yako,
mwenye jambo.